Nguo za Mkasi

Mtaani waliitwa Mkasi na Sindano, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyewabandika majina hayo. Mkasi alikuwa mke wa kaka yake Sindano. Walikuwa mawifi, ingawa mgeni aliyewasikia wakikatizana maneno na kucheka kabla habari haijaisha alidhani wametoka tumbo moja.

Kazi yao ilikuwa kutengeneza mifarishi, yale mablanketi mazito ya viraka: juu vipande vya rangi rangi vilivyoungwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima. Walifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba ya kaka huyo, chenye madirisha mawili na meza ndefu iliyochukua nusu ya sakafu. Mkasi alikata. Sindano alikaa pembeni kwenye cherehani yake na kuunga. Kila mmoja alikuwa na ufalme wake. Siku moja tu Sindano alijaribu kukata pembe tatu, na Mkasi akakinyanyua kile kipande, akakigeuza juu chini, akakitazama kwenye mwanga.

"Wifi, hii ni pembe tatu au umenichorea mto unaopinda kule kwetu?"

Sindano hakushika mkasi tena, na wala haikumuuma. Alikuwa amefiwa na mumewe mapema, kabla hawajajaliwa mtoto. Aliporudi kwa kaka yake na begi moja, Mkasi ndiye aliyemfungulia mlango, akampokea lile begi, akasema, "Cherehani yako iko wapi? Kailete, nafasi ipo." Mambo mengine hawakuyazungumza. Mtoto pekee wa nyumba ile, binti aliyepewa jina la Kifungo baada ya kumeza kifungo cha shati na kuitia nyumba nzima kiwewe, alikulia chini ya meza ile ya kukatia, kati ya miguu ya mama yake na ya shangazi yake. Alipokua, alihamia upande wa pili wa mji, akapata kazi kwenye duka la miwani, akapanga vyumba viwili.

Asubuhi moja Mkasi alikuwa anakata huku akisimulia kisa cha jirani, mkasi ukamdondoka.

"Niokotee, wifi."

Sindano akauokota, akampa. Ukadondoka tena. Mkasi akautazama mkono wake wa kulia jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia bila hodi. Alipotaka kusema neno, mdomo ukaenda upande.

Kilikuwa kiharusi. Alirudi kutoka hospitali akitembea kwa kuburuta mguu kidogo, maneno yake yakiwa yamerudi karibu yote, lakini mkono ule ulibaki umening'inia. Wiki nyingi alikaa kwenye kiti chake mbele ya meza, mkasi umelala mbele yake, akiwaambia wateja kwamba yuko likizo. Wateja walicheka. Sindano, aliyekuwa anaona jinsi wifi yake anavyoupapasa ule mkasi kwa mkono wa kushoto pale anapodhani haonekani, hakucheka.

Kaka yake ndiye aliyeleta mashine. Alikuwa amefanya kazi kiwanda cha maboksi mpaka alipostaafu, na siku aliyoingia nayo amebeba kifuani, jasho linamtoka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutana na rafiki wa zamani.

"Maboksi tulikuwa tunayakata hivi hivi," alisema. "Ila hii ni ya vitambaa, na haitaki umeme. Ni mkono tu."

Ilikuwa na rola mbili nzito, moja juu ya nyingine, na mpini wa kuzungushia ubavuni. Pamoja nayo vilikuja vibao. Kila kibao kilikuwa na visu vyembamba vilivyopindwa kufuata umbo fulani, mraba, pembe tatu, jani, na visu vyenyewe vilijificha ndani ya sponji hata ukipitisha kiganja husikii kitu. Kitambaa kinalazwa juu ya sponji, juu yake linawekwa bamba la plastiki, vyote vinasukumwa kwenye rola, mpini unazungushwa. Rola zikikandamiza, sponji inabonyea, visu vinachomoza na kukata. Upande wa pili vinatoka vipande vimeshakatika, tabaka kadhaa kwa mpigo, pembe zake zimenyooka utadhani zimechorwa kwa rula.

Sindano aliichukia kabla haijatua mezani. Aliona kama kaka yake ameleta mke wa pili.

"Itatuharibia vitambaa," alisema.

Mkasi aliisogelea mashine. Alilaza kipande cha pamba juu ya kibao cha mraba kwa mkono wa kushoto, akaweka bamba, akashika mpini. Mara ya kwanza alizungusha kinyume. Mara ya pili mashine ikalia *krrr*, na miraba minne ikatoka. Aliichambua mmoja mmoja, akaipanga mezani ubavu kwa ubavu.

"Inakata kama nilivyokuwa nakata mimi nikiwa kijana," alisema hatimaye. "Tofauti ni kwamba yenyewe haisengenyi."

Siku zile zikawa nzuri tena. Mkasi alijifunza kuizungusha akiwa ameketi, akaacha kusema yuko likizo. Na kwa kuwa mkono mmoja hautoshi kunyoosha kitambaa, ilibidi Sindano asogee kwenye ile meza ambayo hakuwahi kuwa na haki nayo. Mkasi alimfundisha. Kitambaa kina upande unaovutika na upande usiovutika. Ule usiovutika ndio unaotangulia kwenye rola, ukikosea vipande vinatoka vimesinyaa kama mtu aliyelala vibaya. Nyuzi zinazonasa kwenye sponji zichokolewe, zisipochokolewa visu havifiki. Na jambo moja alilirudia mpaka Sindano akachoka kulisikia.

"Tazama kwanza, ndipo uzungushe. Mkasi ukiona umekosea unasimama njiani. Hii ukishaisikia inalia, imekwisha."

Alifariki mchana mmoja kwenye kiti chake, baada ya chakula. Sindano alikuwa anatia uzi kwenye cherehani, amempa mgongo, akamuuliza kitu kuhusu rangi ya upindo. Hakujibiwa. Akauliza tena, akageuka.

Baada ya mazishi alifunga mlango wa chumba cha mbele. Alifagia ua, alipika, alimpelekea kaka yake chakula ambacho kilirudi nusu. Wateja waliokuja aliwaambia kazi imesimama. Mashine aliifunika shuka.

Siku moja alipokuwa amekifungua chumba kile kukifagia, kaka yake alibisha hodi kama mgeni nyumbani kwake mwenyewe, akaingia akivuta masanduku mawili.

"Nguo za mwenzangu," alisema. "Nikifungua kabati zinanisalimia, dada. Siwezi. Nitengenezee mfarishi, nijifunike. Nyingine zikibaki mtengenezee na Kifungo."

"Kifungo anajua?"

"Anajua," alisema kaka yake, macho yake yakiwa dirishani.

Sindano aliyaona yale macho. Angeweza kuuliza mara ya pili. Angeweza kupiga simu, simu ilikuwa mfukoni mwa aproni. Lakini mikono yake ilikuwa imekaa bure tangu msiba, na ghafla kulikuwa na kazi mbele yake, tena kazi ambayo hakutaka mtu mwingine yeyote duniani aiguse. Akaacha.

Alianza taratibu. Blauzi ya kwanza aliinusa, akakaa nayo mapajani kitambo. Akaifumua mishono, akatoa vifungo, akaipiga pasi. Alipozungusha mpini, mlio ule ulimpita kifuani, ikabidi akae. Ya pili ilikuwa rahisi kidogo. Ya tatu rahisi zaidi. Kufikia mchana wa siku iliyofuata alikuwa anafumua, anapiga pasi, anabandika tabaka juu ya tabaka, anazungusha, anafumua tena, na nguo zilikuwa zimeacha kuwa nguo. Zilikuwa vitambaa: hiki chepesi, hiki kizito, hiki kinavutika. Gauni la kijani lilikwenda katikati ya tabaka nyingine, limegeuzwa upande wa ndani. Miraba yake ilitoka imenyooka vizuri kuliko yote, naye akaifurahia. Jambo hilo ndilo lililomtesa baadaye kuliko mengine: kwamba aliifurahia.

Mwisho wa wiki Kifungo alikuja, amevaa sare ya dukani, mkononi ana mfuko wa nguo uliokunjwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Sikai, kuna mtu ananisubiri. Nimefuata lile gauni la kijani. Alilovaa kwenye mahafali yangu. Baba nimemkuta uani, amesema nguo zote ziko huku, unazitunza."

Sindano alikuwa amesimama na miraba mkononi. Hakuweza kuificha na hakuweza kuiweka chini. Kifungo alifuata macho yake mpaka mezani, kwenye mafungu yaliyopangwa kwa rangi. Akasogea. Akanyanyua mraba mmoja wa kijani uliokuwa na alama ya mshono wa mfuko, mstari mwembamba uliokatwa katikati.

"Hiki ni nini?"

"Kifungo, mwanangu..."

"Shangazi, hiki ni nini?"

"Baba yako aliniambia unajua."

Kifungo aliurudisha mraba mahali pake, palepale ulipokuwa, kwa uangalifu kama mtu anayeweka yai. "Umemkata mama," alisema. Hakupaza sauti. Aliondoka na mfuko wake mtupu, na mlango aliuacha wazi.

Sindano alimfuata kaka yake uani.

"Kaka, uliniambia mtoto anajua."

"Ningemwambia."

"Hukusema utamwambia. Ulisema anajua!"

Kaka yake alikuwa mtu mzima, nywele nyeupe kichwa kizima, lakini alisimama mbele yake kama mtoto aliyevunja sahani. "Kila nikishika simu namsikia anasema 'haloo baba', sauti ni ile ile ya mama yake. Nakata." Akakaa kwenye ngazi. "Mimi nimekata vitu maisha yangu yote, dada. Ila boksi halina mwenyewe. Nilidhani zikiisha kukatwa, itakuwa imepita, hatutakuwa na la kuamua tena."

Sindano alitaka kumpayukia. Alikuwa na haki. Lakini aliyakumbuka yale macho yaliyokimbilia dirishani, na jinsi yeye mwenyewe alivyoyaacha yakimbie. Akakaa ngazi moja na kaka yake.

Kesho yake aliipanga miraba yote ya kijani mezani kama ilivyokuwa gaunini: mgongo hapa, kifua hapa, mikono huku na huku. Alijua hesabu ya mishono kuliko mtu yeyote pale mtaani. Kila kiungo kinameza kitambaa. Akiiunga, litatoka gauni la mtoto mdogo lenye makovu mwili mzima. Hata hivyo aliunga miraba miwili. Akaitazama. Akaifumua. Zile nguo ambazo hazikuwa zimeguswa alizikunja akazirudisha sandukuni, ile miraba ya kijani akaifunga kwenye kitambaa safi, akavaa viatu, akaenda kwa Kifungo.

Kifungo alifungua mlango, hakusema karibu.

"Umekuja kunishonea maneno?"

"Sina maneno. Nimekuja kukuambia nilichofanya, ukisikie kwangu." Sindano alisema akiwa bado kizingitini, kifurushi amekikumbatia. "Baba yako alisema unajua. Nilimwona macho yake hayajatulia, nikanyamaza. Ningekupigia simu. Sikupiga kwa sababu ungeweza kukataa, na mimi nilitaka kazi. Nilikuwa nimechoka kukaa."

Kifungo aliegemea ubao wa mlango. Alikuwa na mashavu ya mama yake, na sasa yalikuwa yamelowa.

"Lilikuwa bado lina harufu yake. Kwapani, pale rangi ilipopauka. Nilikuwa nakuja nyumbani, nafungua kabati, nanusa, nafunga, naondoka. Baba hajui. Hukujua na wewe."

"Sikujua."

"Mngejuaje? Hamkuniuliza."

"Vipande vya kwapa vipo. Nimekuletea vyote."

"Sitaki vipande, shangazi. Rudi navyo."

Sindano aliitikia kwa kichwa. "Zile ambazo sijagusa ziko sandukuni, nzima. Ni zako. Ukizichoma, ukizivaa, ukizigawa, ni wewe." Akageuka, akashuka ngazi polepole kwa sababu magoti yake hayakuwa yale ya zamani. Nyuma yake alisikia mlango unafungwa, si kwa kishindo, lakini ulifungwa.

Kifungo alilifuata lile sanduku siku ambayo Sindano alikuwa sokoni. Hakuacha salamu. Miezi ikapita hivyo. Akimpigia baba yake, waliongea habari za hali ya hewa na bomba la maji linalovuja.

Mfarishi wa kaka yake, Sindano aliumaliza, bila kutia hata mraba mmoja wa kijani. Aliushona kwa uchungu na aliushona vizuri, maana hakujua namna nyingine ya kushona. Kaka yake aliupokea kwa mikono miwili, akaingia nao chumbani, akafunga mlango. Kuanzia siku ile chakula kiliacha kurudi nusu.

Msimu wa baridi ulipoingia kaka yake alishikwa na homa ya mapafu. Hospitali walimtibu, wakamruhusu kurudi kitandani kwake, na Kifungo akaomba ruhusa kazini aje kumuuguza. Yeye na shangazi yake walipishana ukumbini kama wapangaji. Shikamoo, marahaba, dawa ameshakunywa, basi.

Alasiri moja Sindano alikuwa anapeleka bakuli la supu, mlango wa chumba cha mgonjwa ukiwa umeegeshwa, akasikia sauti.

"Na hii ya madoa madoa?"

"Hiyo si ile blauzi ya kazini?" Sauti ya kaka yake ilikuwa dhaifu. "Ya siku zote."

"Hapana, baba. Ya kazini ilikuwa na mistari, ile pale kwenye mguu wako. Hii aliivaa tulipokwenda kumwona daktari wa meno. Alimwambia daktari meno yake aliazima."

Kikatoka kicheko chenye kikohozi ndani yake. "Daktari akaandika!" kaka yake alisema. "Haki ya Mungu, aliandika!"

"Na hii?"

"Hii... hii nilimnunulia mimi. Hakuipenda. Aliivaa kila Jumapili ili nisijue."

Waliendelea hivyo kwenye ule mfarishi, kipande kwa kipande, kuanzia mabegani kushuka miguuni. Tangu mazishi hawakuwa wamemtaja marehemu wakiwa pamoja. Sindano alisimama na supu mpaka mvuke ukaisha. Halafu akarudi jikoni kwa kunyata, akaipasha tena moto, na machozi yakamtoka bila sauti, mwiko ukiwa mkononi.

Siku mbili tatu baadaye, Sindano akiwa mezani anachokoa nyuzi kwenye sponji, Kifungo alisimama mlangoni mwa chumba cha mbele.

"Sijakusamehe, shangazi. Nimekuja tu."

"Karibu hivyo hivyo."

Kifungo aliingia. Alitazama kiti cha mama yake, akakipita, akavuta kigoda na kukaa upande wa mpini. Sindano alilaza kitambaa cha mteja juu ya kibao, upande usiovutika ukitangulia, akaweka bamba. Akatazama. Akatazama tena.

"Zungusha."

Baba mtu alipona, ingawa pumzi yake haikurudi yote. Kifungo aliendelea na kazi yake ya miwani, na Jumamosi akawa anakuja. Siku nyingine anaongea sana, siku nyingine anazungusha mpini kuanzia asubuhi mpaka jioni bila neno, na Sindano alijifunza kutomchokoza. Kile kifurushi cha kijani kilikaa kwenye rafu, kimefungwa. Kifungo alijua kilipo, na hakuna aliyemsemesha habari zake.

Habari za mfarishi wa kaka zilienea, watu wakaanza kuja na masanduku yao. Mashati ya baba, magauni ya bibi, na mara moja nguo za mtoto zilizotosha mfuko mdogo tu, ambazo Sindano alizipokea bila kuuliza lolote mpaka mama wa mtoto alipokuwa tayari kusema. Kwa wote alikuwa na sharti moja, na halikupinda hata kwa rafiki.

"Nyumbani mko wangapi?"

"Kwani?"

"Waje wote. Wakae hapa, waone, kila mmoja achukue anachotaka kibaki kizima. Kitakachobaki mezani, hicho nitakata."

Wengine walisonya wakaenda kwa mafundi wengine. Walikuja ndugu wawili na suti za marehemu baba yao, mmoja akampokonya mwenzake koti mkononi, wakarushiana maneno mpaka majirani wakachungulia madirishani, wakaondoka kila mtu na njia yake, sanduku wakaliacha katikati ya chumba. Kifungo alitaka kulisogeza pembeni.

"Liache hapo," Sindano alisema, akarudi kwenye cherehani.

Walilizunguka lile sanduku siku nyingi, wakilikwepa kila wakienda mezani. Kisha asubuhi moja wale ndugu walisimama mlangoni pamoja, mkubwa akiwa amemshika mama yao mkono, mwanamke mdogo wa umbo ambaye hakuna aliyekuwa amekumbuka kumwuliza. Sindano alizima cherehani. Kifungo akainuka, akakivuta kile kiti cha Mkasi mbele ya meza, akakifuta kwa kiganja.

"Karibu mama," alisema. "Kaa hapa."